Barua ya wazi kwa Kamati ya Kiwanja: turudishieni gofu fupi ya Moshi

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Kiwanja,
Moshi, Kilimanjaro.

YAH: KUFUNGWA KWA KIWANJA KIDOGO CHA GOFU NA MPANGO WA KUKIMEGA

Ndugu Mwenyekiti,

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Nawaandikia hadharani kwa kuwa faraghani tumeshindwana. Barua zetu zilipokelewa, zikagongwa muhuri, zikalala. Tukija ofisini tunaambiwa mwenyekiti yuko kikaoni. Tukija siku ya kikao tunaambiwa ajenda zimejaa. Jina la kamati sitalitaja, wala la kiwanja, maana nia yangu si kumwaibisha mtu. Mnajijua, na wanaocheza pale wanawajua. Wawili kati yenu niliwafundisha hesabu shule ya msingi, kwa hiyo mtanivumilia hesabu zikijitokeza humu.

Nieleze kwanza kwa wasiokijua kiwanja chenyewe. Siyo gofu ile ya kwenye televisheni, ya mtu kupiga mpira ukapotelea kwenye upeo wa macho. Ni mashimo 9, yote pa-3, yaani mchezaji hodari hutarajiwa kumaliza kila moja kwa mikwaju mitatu: mmoja wa kufika kwenye grini, lile eneo la majani mafupi lenye shimo, na miwili ya kuusukuma mpira hadi shimoni. Shimo refu kuliko yote linakaribia mita 90. Kiwanja kizima hakizidi ekari nane, wakati kiwanja kamili cha mashimo 18 kinameza ekari mia moja na zaidi, na raundi yake inakula saa nne au tano. Chetu unakimaliza ndani ya saa moja na ushee, unatoka na bado unawahi kuinjika sufuria.

Begi la fimbo 14, ambazo ndiyo kikomo cha sheria za gofu, halina kazi pale. Ayalandi, ambako gofu hii fupi ina chama chake na ubingwa wake wa taifa, watu hucheza na fimbo mbili, moja ikiwa ya kusukumia. Kwenye mashindano ya kimataifa zinaruhusiwa tatu, na shimo lisizidi mita 90. Kwa maana hiyo kijana wa Pasua au Njoro anahitaji fimbo mbili za kuazima, mpira mmoja na viatu vya mtumba vya soko la Memorial. Namjua mmoja aliyenunua pale viatu vya gofu vyenyewe kabisa, kimoja kimepungukiwa njumu, na anavifuta kwa kitambaa kila anapomaliza shimo.

Nayasema haya kwa sababu ndiyo kiini cha malalamiko yetu. Anayetaka gofu ndefu na mwenye uwezo nayo hakosi pa kwenda: kwenye kiwanda cha sukari cha TPC kuna kiwanja, na ukielekea Arusha, pale Usa River, kuna cha mashimo 18. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, mzee ambaye magoti hayamruhusu kutembea kilomita saba, mtoto wa darasa la tano na kedi anayebeba mabegi ya wengine wiki nzima, hao wote wana hiki kimoja tu. Na hiki kimoja ndicho mlichokifunga.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kibao cha getini.

Kibao kinachosema "WANACHAMA TU" kilitundikwa bila mkutano wowote wa wanachama. Mimi ni mwanachama, na nilikisoma getini kama mpita njia yeyote. Tangu siku hiyo mlinzi anawarudisha watoto wanaofika baada ya shule. Makedi nao wamenyang'anywa Jumatatu asubuhi, siku ambayo kwa desturi ya gofu ya huku kwetu ni yao. Simlaumu mlinzi, ametumwa.

Niwape mfano wa mahali ambapo hakuna anayeweza kupaita kijiweni. Klabu ya Augusta, Marekani, inajulikana dunia nzima kwa ugumu wa kuingia. Tangu 1958 ina kiwanja kifupi cha mashimo 9, na tangu 1960, Jumatano ya kuamkia mashindano ya Masters, mabingwa hushindana juu yake. Wengi wao huja na watoto wao, wamewavalisha ovaroli nyeupe za kedi, zinazowapwaya hadi miguuni, na mtoto huachiwa ausukume mpira wa baba shimoni huku umati ukishangilia. Wachezaji wenyewe wana mwiko wao wa utani kuhusu siku hiyo, kwa kuwa zaidi ya miaka 60 ilipita bila mshindi wa Jumatano kutwaa Masters ya mwaka huohuo. Hiyo ndiyo klabu ngumu kuliko zote, na kwenye mashimo mafupi inaruhusu watoto wakimbie juu ya grini. Sisi wa Moshi tunaweka mlinzi.

2. Mahema.

Hili niliseme kwa kirefu, maana ndilo linalouma kwa macho. Tangu mlipoanza kukikodisha kiwanja kwa harusi, kipaimara na sendoff, grini ya shimo la tano imekuwa eneo la meza kuu. Sina ugomvi na sherehe. Nimekula pilau nyingi tu za sendoff katika mji huu. Lakini nendeni mkaiangalie hiyo grini asubuhi ya Jumapili. Vigingi vya hema vimeacha matundu mistari miwili, kila tundu linaingia ngumi ya mtoto. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108 na kwa kawaida ni moja kwa kila grini. Sisi sasa tunalo la kuchagua. Gari la viti hupita katikati ya njia ya shimo la sita, na mvua ikiwa imenyesha linaacha mifereji inayokaa mpaka kiangazi. Vizibo vya bia tunaviokota kwa ndoo. Kisu cha mashine ya kukatia majani kilishavunjika kwa sababu ya kigingi kilichosahauliwa, na gharama ya kisu kipya mkaikata kwenye fungu la mafunzo ya watoto.

Halafu kwenye maelezo yenu ya mdomo mnasema watoto ndio wanaoharibu grini. Mtoto aliyefundishwa hurekebisha alama ya mpira wake kwa kijiti, na kwa kuwa ni mtoto, hurekebisha na ya mwenzake pia. Sijaona mpambaji wa ukumbi akifanya hivyo.

3. Fimbo za stoo.

Kuna fimbo fupi za watoto zilizoletwa na wahisani. Zimefungiwa stoo, na ufunguo hauonekani. Watoto wanakua, fimbo hazikui. Toeni.

4. Ada.

Ada ya raundi moja sasa inazidi kipato cha kibarua kwa siku nzima. Hatuombi bure. Tunaomba ada ya mkazi na ada ya mtoto, zibandikwe ukutani ili mtu asipangiwe bei kwa kuangaliwa viatu.

5. Vigingi vya wapimaji.

Mashimo ya saba, ya nane na ya tisa yana vigingi vyenye rangi nyekundu. Mtu hapimi ardhi kwa kujifurahisha. Habari zilizozagaa mjini ni kwamba upande ule wa barabarani utajengwa fremu za maduka. Mkitaka kukanusha, nafasi ni hii.

Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 imeweka utaratibu wa kubadilisha matumizi ya ardhi mjini, na utaratibu huo hauanzii kwenye kopo la rangi. Eneo hili lilitengwa kwa michezo na mapumziko. Kamati ilikabidhiwa kulitunza. Kukabidhiwa mbuzi wa jirani si ruhusa ya kumchinja Krismasi ikifika.

Yapo na madhara ambayo nadhani hamjayapigia hesabu, nami ndipo narudi ubaoni. Tangu Januari 2024, kanuni za dunia za handikapu, ile namba inayoonesha kiwango cha mchezaji, zinakubali kiwanja kifupi cha mashimo 9 kipimwe na kupewa kiwango chake, mradi urefu wa jumla usipungue yadi 750, yaani kama mita 686. Gawanya kwa tisa, unapata wastani wa mita 76 kwa shimo. Tumepita na futi kamba kuanzia shimo la kwanza hadi la tisa, na tunavuka mpaka huo, si kwa mbali lakini tunavuka. Maana yake, kedi anaweza kucheza hapahapa, alama zake zikaandikwa, akapata handikapu inayotambulika bila kukanyaga kiwanja kirefu. Kwa kijana anayetafuta nafasi ya kuonekana, huo ndio mlango wenyewe. Mkiyatoa yale mashimo matatu ya barabarani, tunabaki na mashimo sita, na mlango umefungwa. Ndiyo maana nasema hamtakuwa mmemega theluthi ya kiwanja. Mtakuwa mmekichukua chote.

6. Ukimya.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwombaji haki ya kujibiwa ndani ya siku 30. Hata kama mtasema nyie si ofisi ya serikali, ardhi mnayoisimamia ni ya umma, na tulichouliza ni kitu kidogo: nani ameamua, kikao gani, na fedha za mahema ziko wapi. Jibu la "tunalifanyia kazi" tumelizoea, ila kazi yenyewe hatuioni.

Najua mtakayosema, maana mengine mmeshayasema kwa watu kwenye korido.

Mtasema hakuna maji. Kiangazi cha Januari na Februari ni kikali, hilo halina ubishi. Lakini nani aliwaambia mmwagilie ekari nane? Kinachohitaji maji ni grini. Zetu kwa wastani zina mita za mraba 200 kila moja. Mara tisa ni 1,800. Ekari moja ina mita za mraba 4,047 hivi. Tunaongelea chini ya nusu ekari, shamba la mboga la mtu mmoja. Njia za katikati ziachwe zikauke zigeuke rangi ya simba. Masika itazirudisha Machi, kama inavyorudisha kila kitu mlimani humu. Na maji yakikataa kabisa, wazee waliocheza gofu Afrika kabla yetu walikuwa na grini za mchanga uliochanganywa na oili, ukaburuta reki ndipo ukasukuma mpira. Si nzuri kwa macho, lakini mpira unaingia.

Mtasema hakuna fedha. Hapa nashangaa zaidi, kwa kuwa kiwanja kinaota hela na mnalipia kuitupa. Moshi hii ina ng'ombe wa ndani kila kona, na akina mama wanatembea mpaka mabondeni kutafuta majani. Yale mnayoyakata pale mnayarundika nyuma ya choo yakaoza. Uzeni kwa mzigo. Haitakuwa fedha ya kununulia gari, lakini inatosha mafuta ya mashine na kibarua wa kuishika. Ongezeni ada ndogo za watu wengi badala ya ada kubwa za watu wachache, na mashindano ya Jumamosi moja kwa mwezi. Kuhusu sherehe, fanyeni kwenye uwanja wa mbele wa maegesho. Maharusi hawajawahi kudai kuolewa juu ya grini.

Mtasema usalama, kwamba mpira utavunja kioo cha gari au kumpiga mtu barabarani. Hoja hii ina uzito na nisingependa kuipuuza, kwa kuwa mpira wa gofu ni mgumu na hauna macho. Dawa yake ipo kwenye kanuni zenyewe za gofu fupi: zuieni fimbo ndefu getini, mtu aingie na tatu tu. Shimo la nane, ambalo ndilo pekee linaloelekea barabarani, ligeuzwe, mahali pa kuanzia pawe ilipo grini na grini iwe mahali pa kuanzia. Kazi ya wiki chache kwa vijana wenye majembe, na wamejitolea. Tena niulize, kama wasiwasi ni wapita njia, hizo fremu za maduka mnazotaka kuzileta karibu na mpira zitawalindaje?

Mtasema hii siyo gofu ya kweli. Hesabu ya handikapu nimeshaitoa. Niongeze tu kwamba pa ya 72 kwenye kiwanja kirefu imepangwa kwa kuhesabu misukumo 36 juu ya grini, nusu kamili. Anayejua kucheza karibu na shimo anaijua nusu ya gofu, na ni ile nusu inayowatoa watu jasho. Wenye magari makubwa wanaokuja pale kutoka viwanja virefu huwa wanachapwa na makedi wetu kwenye shimo la pili, la mita 60. Sitataja majina.

Na mtasema, hili ndilo la mwisho na nadhani ndilo la kweli, kwamba gofu na umma haviendani. Ukiruhusu kila mtu, hadhi inashuka. St Andrews, Uskochi, ndiko watu wa gofu duniani wanakokuita nyumbani. Kiwanja chao kikongwe kwa kawaida hufungwa Jumapili, na wenyeji wakapita katikati yake na mbwa wao, kwa kuwa ardhi ile ni ya mji. Pembeni wana kiwanja kingine cha mashimo 9, Balgove, kilichowekwa kwa ajili ya watoto na wanaoanza. Wana na grini kubwa yenye mabonde na vilima, ya kusukumia tu, iliyoanza na klabu ya wanawake mwaka 1867, na mpita njia analipa kidogo akacheza na bibi yake. Hadhi yao haijashuka. Hapa kwetu Arusha imetoa Madina Iddi, aliyebeba bendera ya taifa kwenye gofu ya wanawake. Kilimanjaro nayo ina mabinti, ila wa kwetu wanaishia getini wakisoma kibao.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Kibao kishushwe wiki hii, na saa za watoto ziwe Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa tisa alasiri, makedi warudishiwe Jumatatu yao asubuhi. Mahema yasivuke mstari wa maegesho. Stoo ifunguliwe mbele ya wazazi na fimbo ziorodheshwe. Ada zibandikwe ukutani. Vigingi ving'olewe, au mtuoneshe kwa maandishi kibali kilichovileta na tangazo lililowahi kutolewa kwa wakazi. Mapato ya kukodisha kiwanja yasomwe kwenye mkutano mkuu, na mkutano huo uitishwe. Mwisho, mwandikieni Chama cha Gofu Tanzania aje mtu apime kiwanja. Barua hiyo tumeshawaandalia, inahitaji saini yenu tu.

Kama lipo linaloshindikana, semeni ni lipi na kwa nini. Tuko tayari kukaa. Tuko tayari pia kushika reki: wazazi wamejiandikisha kwa zamu za kufukia matundu ya grini ya tano, na mchanga tumepata ahadi ya lori moja. Tunachosubiri ni kufunguliwa geti.

Zikipita siku 30 bila jibu la maandishi, barua hii pamoja na nakala za zile zilizogongwa muhuri zitapelekwa kwa Mkuu wa Wilaya na kwa Afisa Ardhi, nasi tutaomba mkutano wa hadhara wa kata. Nasema mapema ili asiwepo wa kusema alishtukizwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, mwanachama,
kwa niaba ya wazazi, makedi na wachezaji wa kiwanja kidogo, Moshi.

Nakala: Mtendaji wa Kata.
Nakala: Ubao wa matangazo, getini, chini ya kile kibao.